Naomba mnikagulie mpango wa tenki langu la kwanza la vyura wa mshale kabla sijanunua kitu

Kijani_Kibichi

Habari zenu wadau. Hawa vyura wadogo wa rangi, vyura wa mshale wa sumu, nimekuwa nawafuatilia muda mrefu na sasa nimeamua kabisa nataka kuwafuga. Sijawahi kufuga chura hata mmoja, ila samaki nimefuga miaka minne kwahiyo mambo ya klorini na kubadilisha maji nayajua, kigeni kwangu ni hii ya kutengeneza msitu ndani ya kioo. Bado sijanunua chochote. Nauweka mpango wote hapa mniambie wapi nimepotea, msinionee aibu, bora nikosolewe leo kuliko viumbe waje wateseke mikononi mwangu.

Kioo ni cha sentimita 45 kila upande. Chini changarawe, juu yake udongo wa bustani uliochanganywa na mboji, ukuta wa nyuma maporomoko madogo ya maji yanayozungushwa na pampu. Juu naweka taa ya joto manake hawa ni wa misitu ya joto, nataka ndani kuwe kwenye nyuzi 30 ivi. Vyura nataka sita, wawili azureus wale wa bluu, wawili leucomelas wa njano na nyeusi, wawili auratus wa kijani, ili rangi zote ziwepo. Chakula nimesoma ni inzi wa matunda, nitachukua kikopo kimoja siku ileile ya kuchukua vyura. Najenga wikiendi hii, vyura wanaingia wikiendi ijayo.

La mwisho, nina mtoto wa miaka sita na mwenzangu kaniuliza swali moja tu nikakosa jibu, ile sumu inakuwaje??

Mzee_wa_Kangaga

Karibu sana ndugu yangu, na umefanya la maana kuuliza mapema. Naanza na kile kitakachoua kabla ya vingine vyote, hiyo taa ya joto. Itoe kwenye mpango. Ni kweli wanatoka misitu ya joto ya Amerika ya Kati na Kusini lakini anakoishi chura huyu ni chini kabisa kwenye majani makavu, jua halifiki pale, kuna kivuli na ubaridi siku nzima. Lenga nyuzi 22 mpaka 26 mchana, usiku ikishuka mpaka 19 au 20 wala usihangaike, ikigusa 29 anza kutafuta namna ya kupooza na ikipita 30 ikakaa hapo masaa unaweza kuwakosa wote. Kumbuka kioo kilichofungwa kinashika joto kuliko chumba, hata taa za LED tu za kukuzia mimea zinaongeza nyuzi mbili tatu. Mwaka wangu wa kwanza nilipoteza leucomelas wawili hivyohivyo, niliacha taa ya joto kwenye saa ya kujiwasha nikatoka, siku ikawa ya joto kali, narudi jioni nawakuta wamejibana pamoja kona ya chini kabisa chini ya jani, miguu imenyooka, na kipimajoto kinasoma 34. Wale wawili siwasahau, ndo maana kila anayekuja na swali la kwanza mimi namuuliza chumba chako mchana kinafika nyuzi ngapi. Pima wiki nzima kabla ya kununua hata kioo. Kama chumba chenyewe kinapita 28 kila siku basi tafuta chumba kingine.

La pili ni kuchanganya. Hao watatu wote ni wa jenasi moja ya Dendrobates, wanaweza kuzaliana wao kwa wao, na siku hizi azureus anahesabiwa ni D. tinctorius mwenye rangi yake tu. Wakizaliana unapata vyura ambao hakuna mfugaji makini atakayewapokea kwa sababu hawana ukoo unaojulikana. Halafu ugomvi. Majike wa tinctorius wakikaa wawili wanapandiana migongoni, wanakandamizana chini, na wewe ukiangalia utadhani wanacheza, kumbe aliyeshindwa ameacha kula anakonda kimyakimya mpaka siku unamkuta hayupo. Aina moja kwa tenki moja, hilo halina mjadala kwangu. Kioo chako cha 45 kinatosha leucomelas wawili au watatu na hao ndo ningekushauri uanze nao, ni wagumu, wanatulia kwa kundi, hawajifichi sana, na dume akianza kuita ni mlio mrefu mzuri utadhani una ndege ndani ya nyumba. Auratus ni mzuri lakini ana aibu, mwezi unaweza kuisha umemwona mgongo tu.

Udongo wa bustani hapana, una mbolea na huenda una dawa za wadudu, na chura anakunywa kwa ngozi, chochote kilichopo chini yake kinaingia mwilini. Afu ule ukilowa unageuka tope, mizizi inaoza. Chini weka vibonge vya udongo wa kuchomwa, vile vyepesi vyenye matundu, sentimita 5 au 6, juu yake wavu mwembamba ili udongo usishuke, kisha mchanganyiko wa makumbi ya nazi, mkaa wa kuni uliovunjwavunjwa, magome na mosi ya sfagnamu, ule mmea laini unaoshika maji, sentimita 5 nyingine. Maji ya ziada yanakaa kwenye vibonge, yasifike kwenye udongo, acha bomba dogo kona moja la kuyavutia nje. Juu ya vyote majani makavu, mengi, mpaka udongo usionekane. Mkungu, mwaloni, magnolia, yote yanafaa ukiyachemsha kwanza na kama yametoka mahali pasipopuliziwa dawa.

Na wikiendi ijayo hapana. Wiki sita angalau.

Dada_Majani

Mzee kaongea yote ya tenki, mimi naingilia kwenye chakula kwa sababu hapo ndo wengi wanaanguka na hakuna anayewaambia mapema.

Ndugu, kikopo kimoja cha inzi kitakuua moyo. Kinazaa vizuri wiki moja mbili, afu ghafla kinaisha, na vyura watatu wanataka kula kila siku au siku moja na kuacha moja, hawawezi kusubiri. Unatakiwa uwe na vikopo vinavyopishana umri. Mimi kila Jumapili naanzisha vipya viwili, havijawahi kuniangusha tangu nianze hivyo. Kuna inzi wa aina mbili, Drosophila melanogaster ni mdogo na kizazi kipya kinatoka kama wiki mbili, D. hydei ni mkubwa kidogo na anachelewa, wiki tatu mpaka nne. Chukua wasio na mabawa au wasioruka, na usiruhusu inzi wa kawaida wa jikoni aingie kwenye kikopo, akizaa na wako watoto wanatoka wanaruka na kikopo chote kimeharibika. Chakula chao napika mwenyewe, unga wa viazi, sukari, siki kidogo ya kuzuia ukungu, maji ya moto, kikipoa nanyunyiza hamira juu na kuchomeka maranda ili wapate pa kupanda. Vikopo vikizidi mwezi natupa, utitiri unapenda vya zamani na ukiingia kimoja unahamia vyote.

Sasa anza kuzalisha inzi LEO, tenki likiwa bado ni kioo kitupu. Ukishaweza kuzalisha inzi miezi miwili mfululizo bila kuishiwa, hapo uko tayari kwa chura, kabla ya hapo hauko tayari hata kama tenki ni zuri kiasi gani.

Na usiwape inzi watupu. Unawatia kwenye kikombe na unga wa kalsiamu wenye vitamini D3, unatikisa wanakuwa weupe kama wamepakwa poda, ndo unamwaga. Na vitamini A pia ile halisi iliyokamilika, mara moja au mbili kwa mwezi. Kuna wakati niliona chura wangu anarusha ulimi anakosa, anarusha anakosa, inzi yuko mbele ya pua kabisa, nikadhani haoni. Daktari wa wanyama akaniambia ni upungufu wa vitamini A, unga wangu ulikuwa umefunguliwa zaidi ya mwaka na ulikaa juu ya rafu yenye joto. Tangu hapo naandika tarehe kwenye kopo, miezi sita natupa, na linakaa kwenye friji.

Siku ukiwapata utaona kitu, chura akiona inzi anasimama, anainamisha kichwa, afu kidole cha mguu wa nyuma kinaanza kugongagonga jani harakaharaka kama mtu anayesubiri zamu yake. Mimi ni mwaka wa sita na bado nikiona hicho kidole naacha ninachofanya.

Bomba_la_Mvua

Kwenye sumu mwambie mwenzako alale usingizi. Sumu hawaitengenezi wenyewe, wanaipata porini kwenye chakula, chungu na utitiri na wadudu wengine wadogo wa msituni. Aliyezaliwa kwenye kioo na kukuzwa kwa inzi wa matunda hana sumu hiyo. Hata hilo jina la mshale ni la wachache tu, wenyeji Waembera wa Kolombia walitumia vyura wa jenasi ya Phyllobates kupaka vishale vya kupuliza, na aliye mkali kuliko wote ni Phyllobates terribilis aliyeelezwa na wanasayansi mwaka 1978. Leucomelas hahusiki na vishale kabisa. Lakini mtoto asiwashike vilevile, kwa faida ya chura, ngozi yake inafyonza mafuta, sabuni na chumvi ya mkono. Kuangalia tu, na kila mtu anawe mikono kabla na baada ya kugusa chochote ndani.

Sharti ni kwamba wawe wamezaliwa kufugwani na aliyekuuzia aweze kukuonyesha wazazi. Jenasi ya Dendrobates iko Kiambatisho cha 2 cha CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe pori, tangu 1987, kuvusha mpaka bila karatasi ni kosa, na chura wa porini anakuja na minyoo na msongo. Halafu karantini. Usiwaingize tenkini siku ya kwanza, waweke kwenye boksi la plastiki lenye karatasi ya jikoni iliyolowa, kifuu cha kujificha na jani moja la mmea wa pothosi, siku 30 mpaka 60, upeleke kinyesi kikapimwe na upimishe kuvu ya kitridi. Hiyo kuvu ndo imefuta aina nyingi za vyura duniani, na inaitwa Batrachochytrium dendrobatidis kwa sababu ilielezwa mwaka 1999 kutoka kwa chura wa bluu wa familia hiihii aliyekufa kwenye bustani ya wanyama ya taifa huko Washington. Huyohuyo azureus uliyemtaka. Kwahiyo na maji ya tenki lako yasimwagwe mtaroni hivihivi, tia jiki kwanza yakae.

Kijani_Kibichi

Aisee nimesoma mara tatu. Asanteni sana mzee wangu, dada na kaka. Nimepima chumba siku nne sasa, mchana kinafika 25 na usiku 20, kwahiyo hapo naona Mungu kanisaidia. Nimefuta taa ya joto, nimefuta azureus na auratus, leucomelas watatu basi. Inzi nimeanza na vikopo vinne jana.

Maswali mawili. Hakuna aliyegusa maporomoko yangu ya maji, je yabaki? Na mfuniko, kioo nilichokiona kina wavu mtupu juu, nasikia wengine wanafunika chote kwa kioo kisipitishe hewa kabisa, ipi sahihi?

Mzee_wa_Kangaga

Maporomoko yatoe. Najua yanapendeza na najua ndo picha uliyonayo kichwani, lakini kwenye kioo cha 45 yanakula nafasi ya sakafu na sakafu ndo nyumba yao, pampu inaziba majani, maji yanatambaa kwa mosi mpaka udongo wote unakuwa kinamasi. Hawa sio vyura wa kuogelea. Kisahani cha maji chenye kina cha sentimita moja kinawatosha na hata hicho wengine hawakitumii. Hiyo nafasi weka gogo la mlalo na bromelia mbili tatu za Neoregelia, zile zinahifadhi maji kwenye makwapa ya majani, wataingia humo wenyewe.

Mfuniko mimi nafunika kioo asilimia 90, naacha mstari mwembamba wa wavu mbele. Unyevu unakaa 80 na kitu bila shida.

Dada_Majani

Hapo mzee tunapishana kidogo na nakuheshimu. Nilifunga hivyohivyo mwaka mzima, unyevu ulikuwa 95 muda wote, kioo kimejaa ukungu wa maji huoni ndani, mimea ya bromelia ikaoza katikati na chura mmoja akapata vidonda tumboni kwa sababu hakuwa na sehemu hata moja kavu ya kukaa. Nilipoongeza wavu ukawa robo ya mfuniko na kunyunyiza mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, majani yanalowa kisha yanakauka juu huku chini kukibaki na unyevu, kila kitu kikabadilika, mpaka wakaanza kutaga. Unyevu sio namba ya kushikilia juu tu, wanataka kupanda na kushuka. Na kipimo cha unyevu cha mshale usikiamini, nunua cha dijitali chenye waya.

Mzee_wa_Kangaga

Nakubali kwenye kulowa na kukauka, chumba changu kina hewa kavu sana ndo maana nafunga. Basi ndugu yangu anza na robo ya dada, ukiona udongo wa juu unakauka kabla ya jioni, ziba kidogokidogo kwa kipande cha kioo. Matundu ya wavu yawe madogo kweli lakini, melanogaster anapita kwenye wavu wa kawaida wa dirisha.

Kijani_Kibichi

Narudi na ripoti, wiki ya tatu tangu nijaze. Gundi ya silikoni niliiacha wiki mbili nzima mpaka harufu ya siki ikaisha ndo nikaweka vibonge. Mimea yote niling'oa kwenye udongo wake, nikaosha mizizi, nikachovya majani kwenye maji yenye jiki kidogo na kusuuza sana. Nina pothosi, kangaga mbili, Ficus pumila ukutani na bromelia mbili. Majani ya mkungu nimejaza mpaka tumbo la gogo halionekani. Kolembola niliwamwaga siku ya pili, wale wadudu weupe wadogo wanaoruka, na isopodi vibete, vijidudu vya kula majani yanayooza, siku ya tano.

Sasa wiki hii gogo lote limeota ukungu mweupe kama pamba, na majani upande wa kulia pia. Nimeshtuka, nilitaka kulitoa nilisugue. Jana usiku nimewasha tochi nikasogeza uso kwenye kioo, nikakuta juu ya hiyo pamba kuna vidoa vyeupe vinatembea, mamia, na vinakopita pamba imeisha inabaki mbao tupu. Ni kolembola ndo wanakula? Niache au nitoe?

Dada_Majani

Acheee. Ni wao. Kila mbao mpya inatoa huo ukungu, sukari ya kwenye mbao ikiisha na wenyewe unaisha. Wasingezaliana hivyo bila huo ukungu, na ndo watakaokula kinyesi cha vyura baadaye, na vyura nao watakula hao kolembola. Hii ndo sababu ya zile wiki sita. Inzi wanaendeleaje?

Kijani_Kibichi

Vikopo vinne vya mwanzo, viwili vimetoa wengi mno, kimoja kimeoza maji yalikuwa mengi, kimoja cha hydei bado naona funza tu wanapanda ukutani. Nimeanzisha vingine vitatu jana.

Dada_Majani

Funza wakipanda ukutani wanatafuta pakavu pa kujigeuza pupa, hatua ya mwisho kabla ya kuwa inzi, siku kama kumi hivi utaona inzi. Kilichooza tupa nje ya nyumba leoleo. Na kwenye upishi mpya punguza maji, ukiinamisha kikopo chakula kisitiririke.

Bomba_la_Mvua

Boksi la karantini umeshaandaa? Vifuu viwili, sio kimoja, ili mnyonge apate pa kukimbilia.

Kijani_Kibichi

Nimeandaa vitatu, kila mmoja na chake. Mwanangu ndo kavisugua kwa brashi mpaka nyuzi zote zikatoka, afu akaniuliza mlango uelekee wapi ili wasimulikwe na taa. Nimemwachia yeye aamue.